Kazi ya Kupumzika

Nje ya geti la ua wa kufaulishia mizigo, pale Tunduma, pana benchi la mbao lililolazwa juu ya rimu mbili kuukuu za lori, na benchi hilo lina wenyewe. Ndani ya ua lori la Tanzania huingia limejaa, la Zambia huingia tupu, na wapagazi wa kikosi cha Eliudi huhamisha shehena kutoka katika la kwanza wakaitia katika la pili. Kati ya kazi na kazi hukaa nje wakinywa kahawa ya Mbozi, iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua. Mmiminaji ni Mzee Yahaya, ambaye kijiwe kimempa jina la Forodha kwa kuwa hakuna habari inayovuka mpaka pasipo yeye kuikagua. Eliudi mwenyewe huitwa Askofu. Si askofu, ni mzee wa kanisa tu. Ila hakuna lori linaloguswa kabla hajavua kofia na kuomba, wala hakuna mpagazi anayejua atasimama wapi mpaka Askofu amtamkie. Adhuhuri hiyo lori la mchele kutoka Kamsamba lilikuwa limekwisha kuingia uani, na la Zambia lilikuwa bado kwenye foleni. Basi wanaume walikuwa na muda wa kubishana, na jambo la kubishania halikukosekana.

Asubuhi ua ulikuwa umepata mgeni. Mkaguzi wa usalama na afya kazini, binti aitwaye Nuria, alisimama juani tangu gunia la kwanza hadi la mwisho. Hakuuliza leseni wala vibali, alitazama migongo. Alichora kwa chaki umbo la mtu juu ya bati la geti, akawaomba wapagazi waje mmoja mmoja waweke alama mahali panapowauma. Chaki ilipita mikononi mwa wote, na yule mtu wa bati akabaki mzima kama Adamu kabla ya kutolewa ubavu. Ni Ngassa peke yake aliyeweka alama, nayo aliiweka kwenye kidole kidogo cha mguu, akieleza kwamba ng'ombe alimkanyaga. Kikosi kikacheka. Katika ua ule, mtu akikiri maumivu, kesho yake wenzake humtazama kana kwamba yeye ndiye wa kubebwa. Nuria naye alitabasamu, akasema neno moja, akapanda gari kwenda Vwawa. Na neno hilo lilikuwa limewaganda.

— Eti anayeumia kuliko wote hapa ni Mstaafu! alisema Ngassa, akijipiga paja. Askofu, ulimsikia vizuri yule binti, au jua lilikuwa limemwingia?

Ngassa ni Msukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kwenye mbuga za Momba. Kijiweni huitwa Winchi, kwa sababu lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka mdomoni kisha likashonewa kilemba juu, yeye hupanda nalo ubao ulioegemezwa kwenye lori akiimba.

— Nilimsikia, alisema Eliudi.

— Mimi ndiye ninayepanda ubao. Mimi ndiye ninayetembea na mzigo. Mstaafu anakaa chini kule, anainua tu gunia, ananitwisha, basi. Hata hatua hapigi! Sasa nani anaumia?

— Si uniulize mwenyewe nikiwa hapa? alisema Enoka kutoka mwisho wa benchi.

Enoka ndiye Mstaafu. Alikuwa amekaa upande upande, mkono mmoja umeshika rimu na kikombe kimeegeshwa juu ya goti. Eliudi alimtazama, kisha akatazama pembeni, maana jina la Mstaafu na kazi ya Mstaafu vilikuwa na historia, na historia hiyo ilikuwa yake.

Miaka ya nyuma, Enoka alipoanza kushika kiuno akiwa juu ya ubao, mwenye mzigo alitaka aondolewe. Eliudi alikataa. Alisema mtu aliyetumika nasi hatupwi nje ya kambi. Akamshusha Enoka kutoka ubaoni, akamweka chini, mahali magunia yanapolazwa yakitoka kwenye lori la kwanza, ili kazi yake iwe kuyainua na kuwatwisha wengine mabegani, bila kutembea, bila kupanda. Tangu hapo ikawa desturi: anayeumwa mgongo hupelekwa chini apumzike. Eliudi aliihesabu huruma ile miongoni mwa matendo machache ambayo angethubutu kuyataja siku ya hukumu. Na asubuhi ya leo binti mwenye chaki alikuwa amemwelekezea kidole yule yule aliyehurumiwa.

— Haya, Mstaafu, nakuuliza mwenyewe, alisema Yahaya akimwongezea kahawa. Unaumia au huumii?

— Mimi? Mimi Askofu alinipumzisha. Asingenipumzisha, leo mngekuwa mnakunywa kahawa ya matanga yangu.

— Umeona? alisema Ngassa. Kesi imekwisha.

— Haijaisha, alisema Eliudi. Yule binti alitoa sababu, na sababu haijibiwi kwa kicheko. Alisema gunia lililo mbali na tumbo ni zito kuliko gunia lile lile lililokumbatiwa. Alisema mtu anayeliokota ardhini na papo hapo anageuza kiuno ili amtwishe mwenzake, anazisaga pingili za mgongo kama mawe ya kusagia. Na alisema ninyi wabebaji mnapokezana, mmoja akipanda mwingine anashuka mikono mitupu akipumua, lakini wa chini hapokezani na mtu. Kila gunia la kila mmoja wenu linapita kwenye mgongo wake kwanza.

Mwisho mwingine wa benchi alikaa kijana aitwaye Alinanuswe, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Jana, akiwa katikati ya ubao na lumbesa begani, alisikia kitu kikifyatuka kiunoni, akashuka kwa magoti. Leo Eliudi alimtoa kwenye lori la asubuhi. Lakini kikosi hakimgawii mtu ambaye hakugusa gunia siku hiyo, na nyumbani kwa Alinanuswe palikuwa na mke na mtoto mchanga. Kwa hiyo ilikwisha kueleweka, bila kutamkwa, kwamba lori la mchele likianza atapelekwa chini, akae pamoja na Mstaafu, apumzike.

— Mimi naona tatizo si kuinama, alisema Ngassa, akinyosha kikombe aongezewe kahawa. Tatizo ni maziwa. Mgongo ni maziwa, bhabha. Mtu hakunywa maziwa utotoni, mifupa yake ni ile chaki ya yule dada. Ninyi Wanyiha mmelelewa kwa kahawa. Mfupa wa kahawa utabeba nini?

— Na wewe umelelewa kwenye mkia wa ng'ombe, alisema Enoka. Ndiyo maana unaongea kwa kujipiga piga.

— Cheka tu, mzee. Tazama mgongo huu. Gonga! Gonga usikie.

— Nikiinama kugonga, nani ataniinua?

Walicheka wote, hata Alinanuswe, ambaye kicheko kilimfanya aume meno na kushika ubavu. Eliudi aliona.

— Maziwa ni hadithi ya watoto, alisema Yahaya, akiweka birika juu ya jiko la mkaa kwa utaratibu wa mtu anayejiandaa kutoa hoja. Sikilizeni mtu aliyekaa mpakani. Lori hilo limepita mizani barabarani, sivyo? Dereva anajua lumbesa zitamzidishia uzito. Anafanya anavyofanya, mizani inasoma sawa, anapita. Nawauliza: ule uzito uliozidi umekwenda wapi?

— Umekwenda wapi?

— Haujaenda popote! Uzito ukifichwa haupotei. Unajikunyata ndani ya gunia, unangoja. Lori lina chuma, haliuhisi. Barabara ina lami, haiuhisi. Mtu wa kwanza mwenye damu kuligusa lile gunia, ndiye anayeukuta. Na mtu wa kwanza ni nani? Ni Mstaafu. Yule binti kasema kweli, ila sababu hakuijua.

— Mzee Yahaya, hiyo ni noma, alisema Ngassa kwa heshima. Lakini kuna kubwa zaidi.

— Litoe.

— Gunia linajua mpaka. Ng'ombe ukimpeleka mnadani, akiisha kujua anauzwa, anakuwa mzito. Unamvuta, anazama kwa kwato. Mchele nao ni kiumbe, umeota kwenye tope la kwetu Momba. Ukifika hapa ukasikia harufu ya Zambia unakataa kuhama nchi. Unajivuta chini. Ndiyo maana gunia la Kamsamba huwa jepesi kule Kamsamba!

— Na bidhaa za Zambia zinazokuja huku? aliuliza Yahaya. Zinapenda kuja?

— Zile? Zile nyepesi kabisa. Zenyewe zinashuka kama zinakuja harusini.

— Mimi ni baridi tu, alisema Enoka, kana kwamba hakuwasikia. Nililala sakafuni kwenye msiba wa mama, kule nyuma ya Mbozi Mission, mwezi wa sita. Baridi ikaingia kiunoni haikutoka. Kazi haina kosa. Msimtwishe Askofu lawama kwa baridi.

Maneno hayo, yaliyosemwa ili kumlinda, yalimchoma Eliudi kuliko lawama yoyote. Alimkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyekuwa amepindana ndani ya nyumba ya sala, asiweze kujiinua, miaka kumi na minane, huku wakuu wa nyumba ile wakipita mbele yake kila sabato na kumwona kuwa sehemu ya ibada. Mara nyingi Eliudi alikuwa amehubiri juu ya siku aliyonyoshwa. Hakuwahi kujiuliza alipindishwa na nini. Wala hakuwahi kujiuliza kama miongoni mwa waliokuwa wakimpisha mlangoni alikuwamo mtu mmoja mwema, aliyempa kazi nyepesi.

— Mstaafu, alisema Eliudi taratibu, nikuulize, na usinijibu kwa kunihurumia. Siku ile nilipokutoa ubaoni, ulikuwa unaweza kuinama ukafunga kamba za viatu?

— Nilikuwa naweza. Kwa kuguna guna, lakini naweza.

— Na sasa?

Enoka alitazama miguu yake.

— Sasa nimehamia kandambili.

Ngassa aliangua kicheko, Yahaya akamfuata, na kicheko kikakata njiani, kwa sababu wote walikuwa wametazama zile kandambili, na wote walikumbuka kwamba zamani Mstaafu alikuwa mtu wa buti. Hakuna aliyeona siku alipoziacha.

— Kuvaa, alisema Yahaya, unavaaje suruali?

— Mke wangu, Mama Tumpale, ananishikia. Acheni basi, jamani. Mtu mzima ataulizwa habari za suruali barabarani?

— Na kulala, unalalaje?

— Mzee Yahaya, mimina kahawa.

Yahaya akamimina. Alinanuswe akainua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema.

— Askofu, mimi nitakwenda chini. Usijali maneno ya yule dada. Nitainama kwa adabu. Nitapiga magoti badala ya kuinama. Nyumbani hakuna kitu, baba.

— Kwa magoti utainua lumbesa? aliuliza Eliudi.

— Nitajaribu.

— Jana ulishuka ubaoni kwa magoti. Nilikuona. Umekwisha kujaribu.

— Basi nifanyeje? Nikikaa hapa benchini, nitampelekea mwenzangu nyumbani kahawa ya kijiko?

Eliudi alikumbuka andiko. Walikuwako watu wanaofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa wengine, wala hawataki kuigusa hata kwa kidole. Aliwafahamu, alikuwa amewakemea kwa majina ya kazi zao, matajiri wa lumbesa na madalali wao. Yeye aliigusa mizigo. Bega lake lilikuwa na sugu ngumu kama kwato. Na kwa bega hilo hilo alikuwa amejihesabia haki, akidhani kwamba anayebeba pamoja na watu hawezi kuwa ndiye anayewatwika.

Wakati huo mwanamke kijana alikuja akivuka barabara kati ya malori, mtoto mgongoni na ndoo ndogo kichwani. Alipofika benchini alipiga goti kidogo.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba. Karibu, mayu, alisema Ngassa, akijisogeza.

— Huyu ni Priska, mke wangu, alisema Alinanuswe kwa haya. Amekuja juzi tu kutoka Ibaba.

Priska hakukaa. Aliitua ndoo juu ya benchi, mbele ya Eliudi, na ndani yake mlikuwa na viazi mviringo, vipya, bado vina udongo mwekundu wa milimani.

— Baba, nimekuja kushukuru. Usiku mwenzangu hakugeuka kitandani. Nilikuwa nalia, nikijua kazi imekwisha. Asubuhi akaniambia, Askofu ana mahali pa kuwapumzisha wagonjwa, leo nitapelekwa hapo. Nikasema siwezi kukaa nyumbani bila kusema asante. Sina kingine, baba. Ni viazi tu.

Enoka alikigeuza kikombe chake kitupu. Eliudi aliitazama ndoo kama mtu aliyeletewa sadaka madhabahuni na mikono yake ikiwa na damu.

— Usinishukuru bado, binti yangu, alisema.

— Kwa nini, baba? Nimekosea?

— Hujakosea. Ngoja kwanza.

— Basi nionyesheni hapo atakapopumzika, nitulie moyo.

Yahaya alikohoa. Ngassa, ambaye hana uwezo wa kuvumilia kimya, akasimama akamwonyesha kwa mkono kupitia geti lililo wazi.

— Ndani pale. Lile lori la mchele umeliona? Vijana wanasimama juu, wanateremsha gunia mpaka chini, pale penye turubai. Mumeo na Mstaafu wanakaa pale pale. Wanaliinua, wanamtwisha mtu kama mimi. Mimi naondoka nalo, napanda ubao, naliingiza kwenye lori la Zambia. Yeye habanduki. Kazi safi.

Priska alitazama lori, akatazama turubai, akatazama nafasi tupu ambayo lori la pili lingesimama.

— Na hilo la Zambia huwa na kimo gani?

— Kimo hicho hicho. Malori yote ni hayo hayo.

— Basi gunia lipo juu, na linakokwenda ni juu. Priska aliwageukia wote, uso wake hauna hila. Linashuka chini kufanya nini?

Ngassa alifungua mdomo.

— Linashuka... ili lipandishwe.

— Ndiyo, lakini linashuka kufanya nini?

— Kuhesabiwa, alisema Yahaya haraka. Karani lazima ahesabu.

— Karani hukaa juu ya kiti chake getini, alisema Enoka polepole. Huhesabu yakipanda ubao. Yakiwa chini hayatazami.

— Basi ni malipo! Kushusha kuna bei yake na kupakia kuna yake.

— Hapana, alisema Eliudi. Sisi tunalipwa kwa lori likiisha. Hakuna aliyewahi kutulipa kwa kuinama.

— Basi ni... Yahaya alikuna ndevu. Kukaguliwa. Kama mchele umelowa.

— Wanachoma kwa bambo, kile chuma cha kuchomolea punje, gunia lingali juu ya lori, alisema Ngassa, ambaye sasa alikuwa amesahau yuko upande gani. Mimi mwenyewe nimewaona. Ni zamani ndiyo lilikuwa linashuka, malori ya Zambia yalikuwa yanachelewa siku mbili tatu, lazima ushushe, mwenye gari aende zake. Sasa hivi...

— Sasa hivi yanasimama yote mawili, alisema Enoka.

— Yanasimama yote mawili, alirudia Ngassa. Yanatazamana.

Priska aliona nyuso zao akaogopa.

— Nisameheni, mimi sijui kazi zenu. Ila kwetu Ibaba ni milima. Mwanamke akitoka shamba na kuni, akichoka, hatui chini kama safari bado. Akitua chini ataomba nani amtwishe? Anatafuta ukingo wa njia ulio sawa na bega, anauegesha mzigo pale, anapumua, anauchukua tena peke yake. Nilidhani mna sababu.

Kahawa ilichemka ikamwagika juu ya mkaa, na Mzee Yahaya, ambaye tangu ajulikane hajapata kuacha birika lifurike, hakuligusa. Eliudi alikuwa akitafuta sababu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Aliyekuwa mkuu kabla yake aliyashusha magunia chini. Wa kabla ya huyo aliyashusha chini. Yeye akaja, akakuta mahali penye mateso, akapafanya hospitali. Akawalaza watu pale kwa maombi. Angaliweza kupaondoa kabisa kwa neno moja kwa dereva.

Honi ililia. Lori la Zambia lilikuwa limefika getini, tupu, bodi likigonga gonga. Wapagazi wengine walitoka vibandani wakifunga viuno vyao kwa vipande vya mpira wa pikipiki, wakaja kumzunguka Eliudi kama ilivyo desturi, kungoja nafasi zao. Alinanuswe alisimama naye, kwa hatua tatu: mkono kwenye benchi, mkono kwenye goti, kisha mwili wote kwa pamoja.

— Niko tayari, Askofu.

Eliudi alivua kofia. Wakadhani anaomba, wakainamisha vichwa. Lakini alisema kwa sauti ya kawaida, macho wazi:

— Alinanuswe, kaa. Kaa hapo hapo na mkeo. Mgawo wako wa leo utatoka kwangu, na kesho utakwenda kumwona daktari, nitakupeleka mwenyewe. Sikupeleki chini. Chini simpeleki mtu.

— Sasa Askofu, nani atatutwisha? aliuliza mmoja wa wapagazi.

Eliudi alikwisha kuondoka. Aliingia uani mbele ya lori la Zambia, akasimama mahali dereva angemwona kwenye kioo, akapunga mikono yote miwili.

— Kunuma! alipaza sauti kwa Kibemba cha mpakani, akimtaka dereva arudi nyuma. Kunuma, boi, kunuma! Njoo! Usiende upande wa turubai! Njoo mpaka huku, mkia kwa mkia!

Dereva alitoa kichwa dirishani.

— Tata, leo tunafanya nini?

— Leo tunafikiri! Njoo!

Lori lilirudi likilia, likatikisika, likasimama. Likasogea tena shubiri kwa shubiri mpaka mabodi mawili yakakaribia kugusana. Ngassa alipanda juu kwa mruko mmoja, akaweka ubao kati ya lori na lori, ukalala bapa kama daraja. Alilikumbatia gunia la kwanza, akalisogeza tumboni, akatembea nalo hatua chache, akaliweka. Akatazama mikono yake. Akatazama nyuma.

— Jamani! alipiga kelele. Jamani, limefika!

— Halikukataa kuhama nchi? aliuliza Yahaya kutoka getini.

— Halikupata muda wa kujua!

Uani pakalipuka vicheko na miluzi. Watu wakapanda, wakajipanga wawili wawili, gunia likapokelewa mkono kwa mkono, kifua kwa kifua, na nyimbo zikaanza. Hata lumbesa zilipita pale juu kwa watu wawili wawili, na hapakuwa na mtu aliyefunga pumzi. Eliudi alisimama akitazama, na moyoni mwake furaha na hofu vilikuwa vimeshikana kama wana wawili tumboni. Alitaka kushukuru, na shukrani ikakwama.

Maana chini, juu ya turubai, Enoka alikuwa amekwisha kusimama. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ametoka benchini polepole wakati lori likirudi, akaja mahali pake, akajiweka kama ajiwekavyo kila siku, miguu imeachana, mgongo umekunjika, mikono imefunguliwa mbele yake. Alingoja gunia lishuke. Juu ya kichwa chake magunia yalipita, moja baada ya jingine, na hakuna lililoshuka.

Eliudi akamwendea, akamshika kiwiko.

— Toka hapo, ndugu yangu. Hapo si mahali pa mtu tena.

Enoka alijaribu kunyoka ili amtazame usoni. Alifika nusu, akaishia hapo, shingo imeinuliwa kwa upande kama mtu anayechungulia chini ya meza.

— Sawa, Askofu. Juu sitafika. Benchini kuna yule kijana. Mimi sasa nikasimame wapi?

Eliudi, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amemtamkia kila mpagazi mahali pa kusimama, aliendelea kukishika kile kiwiko.